Maduka mawili, laini moja: Jinsi ya kuvusha mtandao juu ya mabati ya Eastlands

Panda juu ya ploti yoyote ndefu pale Umoja Innercore jioni, watu wakianua nguo, kisha uangalie kando ya matangi ya maji. Utaona dishi za TV zilizopauka na nyaya za faiba zinazoning'inia kama kamba za kuanikia. Katikati yake kuna vitu vyeupe vidogo, vingine bapa kama kitabu, vingine vya mviringo kama sufuria. Vimefungwa kwenye paipu na vyote vinatazama upande fulani. Hizo si dishi za mpira. Fuata zinakotazama na uwezekano ni mkubwa utaona mwenzake juu ya jengo lingine ng'ambo ya barabara.

Hilo ni daraja. Halina nguzo wala lami, lakini kuna mtu wa biashara chini yake ambaye ameacha kulipia intaneti mara mbili.

Kama una biashara mtaani, au unamsaidia mathako na duka lake, au wewe ndiye yule msee ambaye kila mtu wa ploti humwita Wi-Fi ikigoma, hii ni yako.

Hesabu kwanza

Tuseme una chemisti karibu na soko la Mutindwa. Biashara imekubali, umefungua ya pili mita 600 ndani ya mtaa. Kila duka lina kompyuta ya keshia, simu ya tili na kamera mbili za usalama. Halafu kuna eTIMS ya KRA. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na risiti ya kielektroniki haikubaliwi wakati wa kupiga hesabu ya kodi. Kwa hivyo mteja mwenye kampuni yake akinunua kwako atadai hiyo risiti, na bila intaneti utabaki ukimwambia, "ngoja kidogo boss."

Watu wengi hapo hulipia laini ya pili. Tuseme kifurushi ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni 36,000 kwa mwaka, na mwaka ujao 36,000 nyingine. Weka hiyo namba kichwani, kisha uende Luthuli Avenue uulize bei ya jozi ya vifaa vya daraja vya TP-Link, Ubiquiti au MikroTik. Ongeza paipu, kebo na pesa ya fundi. Hizo unalipa mara moja. Linganisha mwenyewe.

Lakini doo si sababu kubwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Daraja halikupi intaneti. Linakupa mtandao mmoja. Maduka mawili yanakuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja. Kompyuta ya duka la pili inaona stoki ya duka la kwanza, na kamera za kule unaziona hapa. Siku trekta la barabara likikata faiba Outering, intaneti inaenda kweli, lakini kama programu yako ya stoki iko kwenye kompyuta ya dukani, maduka yanaendelea kuongea. Mteja akiuliza dawa ya mtoto, unajua kama iko kule bila kupiga simu. Laini mbili tofauti haziwezi kukupa hilo hivi hivi.

Jambo moja kabla hatujaendelea: soma mkataba wa laini yako. Vifurushi vingi vya nyumbani ni vya nyumba moja. Biashara ya matawi mawili inataka kifurushi cha biashara, na bado kimoja ni nafuu kuliko viwili.

Aksesi pointi si daraja

Mtaani kila kitu chenye antena huitwa rauta. Tutenganishe.

Rauta ndiyo mlango wa intaneti. Inapokea laini na kugawa anwani kwa kila simu na kompyuta. Aksesi pointi, ambayo mafundi huikata tu na kusema AP, kazi yake ni kumwaga Wi-Fi kwa watu walio karibu: dukani, saluni, ukumbi wa kanisa. Inapiga mawimbi pande zote kama balbu inavyomwaga mwanga.

Daraja ni tochi. Vifaa viwili vinamulikana vyenyewe tu. Kimoja kinawekwa kama AP, cha pili kama mteja wake, na kila kimoja kina kebo inayoshuka dukani. Kwa sababu nguvu yote imeelekezwa mahali pamoja, kifaa kidogo kinaweza kuvuka umbali ambao rauta ya nyumbani haiwezi kuota. Ukitaka kulisha maduka matatu kutoka paa moja, unaweka antena pana katikati na wateja watatu pembeni.

Usichanganye daraja na ile ripita ya kuchomeka ukutani. Ripita yenye redio moja inasikiliza kisha inarudia, kwa hivyo kasi inakatika karibu nusu. Kejani inatosha kwa chumba cha mwisho. Kwa biashara itakuaibisha saa moja jioni foleni ikiwa ndefu.

Na kwa nini usivute tu kebo? Kebo ya kawaida ya mtandao inahesabiwa mwisho mita 100. Baada ya hapo mambo yanaharibika. Pia utavusha aje Outering? Waya juu ya barabara ya umma ni kesi, na lori refu la kwanza litakumalizia biashara.

Macho kwa macho

Sheria ya kwanza ya daraja haiko kwenye kitabu cha mipangilio. Ni hii: simama kwenye paa moja, utazame paa lingine. Huoni? Basi hakuna daraja.

Mawimbi ya Wi-Fi hayapendi mabati, hayapendi zege, na hayapendi tangi lililojaa maji. Eastlands ndio nyumbani kwa hivyo vyote vitatu. Tena haitoshi kuona kwa tundu dogo. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanavimba katikati kama mpira wa raga. Kwa umbali wa mita 600 kwenye masafa ya 5.8 GHz, ule uvimbe una nusu-kipenyo cha karibu mita 2.8 pale katikati. Kwa kilomita mbili unafika mita tano. Mafundi wanataka angalau asilimia 60 ya hapo iwe wazi. Ndio maana unaweza kuona paa la mwenzako vizuri kabisa na daraja bado linakohoa: kuna ukingo wa mabati unaogusa uvimbe kwa chini.

Sasa fikiria mitaa yetu. Buruburu, na awamu zake tano, paa nyingi bado ziko chini na zinalingana. Hapo kazi ni rahisi. Umoja ilianza miaka ya 1970 kama nyumba za chini zilizojengwa kwa ufadhili wa USAID. Leo wenye ploti wamepanda juu ghorofa baada ya ghorofa. Pipeline usiseme, jengo linapumulia jengo. Daraja linalofanya kazi leo linaweza kuzibwa na mjengo ambao haujaanza. Kabla hujanunua chochote, zunguka mtaani uangalie wapi kuna mchanga na kokoto zimemwagwa katikati ya maduka yako mawili. Ukiona mashimo ya nguzo, muulize mjengaji wanaenda ghorofa ngapi. Hilo swali ni la bure na litakuokolea maelfu.

Mkishafunga, msikaze nati mapema. Mmoja akae kila paa na simu mkononi. Geuza kidogo, soma namba ya nguvu ya mawimbi, geuza tena. Namba huwa na alama ya kutoa, na ndogo ndiyo nzuri: kutoa 55 ni bora kuliko kutoa 65, na ukiona kutoa 75 bado hamjamaliza. Tafuta kilele, pita kilele, rudi kwenye kilele, ndipo ukaze. Mvua isikutie wasiwasi; kwa masafa haya na umbali huu haikati kitu. Kinacholeta shida ni upepo na paipu nyepesi inayotikisika.

Hewa ni ya kila mtu

Washa simu yako pale ploti uhesabu majina ya Wi-Fi. Kila jina ni mtu anaongea kwenye chumba kimoja na wewe. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizokanyagana: 1, 6 na 11. Ploti moja yenye nyumba 60 inagawana hizo tatu, pamoja na bluutuu na maikrowevu ya jirani anayepasha chapati.

Kwa hivyo daraja liweke kwenye 5 GHz. Kule kuna nafasi zaidi, na mawimbi hayatangitangi sana. Iache 2.4 kwa simu za wateja ndani ya duka. Na usidanganywe na tamaa ya chaneli pana. Fundi atakuwekea megahezi 80 ili kipimo cha kasi kipendeze mchana. Saa mbili usiku mtaa wote ukiwa kwa simu, hiyo upana inakusanya kelele za kila mtu. Megahezi 20 au 40 hutosha tili, kamera na risiti, na inatulia.

Hata ile namba ya boksi isikutishe. Ikiandikwa 300 Mbps, hiyo ni kasi ya redio. Mzigo halisi ni kama nusu. Vifaa vingi vya bei nafuu pia vina tundu la kebo la 100 Mbps, kwa hivyo hapo ndipo mwisho wa reli. Kama laini yako ni 20, umeshinda tayari.

Kuna mtego mmoja nataka uujue kwa jina. Kifaa kitakuuliza uko nchi gani. Chagua Kenya. Wapo mafundi wanaochagua nchi nyingine, au ile sehemu ya majaribio, ili wafungue nguvu zaidi na chaneli zilizofichwa. Baadhi ya hizo chaneli za 5 GHz duniani kote zinatumiwa na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na kifaa halali kinatakiwa kihame kikisikia rada. Sisi tunaishi kati ya JKIA na Moi Air Base. Si mahali pa kucheza na masafa, bana. Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA, ina mipaka ya nguvu na bendi, na vifaa vinatakiwa viwe vimeidhinishwa. Ukikaza sauti kupita kiasi unawaziba pia wengine wa mtaa, nao watafanya hivyo hivyo kwako. Mwishowe wote mnapiga kelele na hakuna anayesikia.

Stima, paa na keateka

Muulize fundi yeyote wa Kayole au Donholm ni nini hufanya daraja kufa. Mara nyingi si teknolojia. Ni keateka mpya.

Paa si lako. Keateka aliyekuruhusu kwa soda anaweza kufutwa kesho, na mwenye ploti akakuta paipu asiyoijua. Andikiana na landilodi mwenyewe, hata ukurasa mmoja: kifaa ni cha nani, stima inalipwa na nani, nani ana ufunguo wa paa, na mkiachana notisi ni ya muda gani. Wengine hukubaliana landilodi apate Wi-Fi ya bure nyumbani kwake. Hiyo ni kodi nzuri sana, kwa sababu siku kifaa kikizima yeye ndiye wa kwanza kukupigia.

Stima nayo ina hesabu yake. Daraja lina ncha mbili, na moja ikizima limekufa lote. Tokeni zikiisha upande wa stoo, duka la mbele linakata. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, hata JKIA iliguswa, sembuse paa lako. Habari njema ni kwamba kifaa chenyewe kinakula wati chache tu, kama balbu ndogo, na stima yake inapanda kupitia kebo ile ile ya mtandao. Betri ndogo ya kuhifadhi umeme kila upande inaweza kukuvusha saa kadhaa.

Kuhusu kebo: nunua ya nje, iliyotengenezewa jua, na iwe ya shaba halisi. Mjini kuna nyingi za alumini iliyopakwa shaba. Zinapitisha mtandao siku ya kwanza, kisha stima inazishinda kufika juu. Iache ipinde chini kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee nje. Paipu ikiwa ndiyo kitu kirefu kuliko vyote paani, mwite fundi wa stima aifunge waya wa kuingia ardhini. Radi haijali ulinunua kifaa cha kampuni gani.

Halafu usalama wako. Paa za kwetu hazina ukingo, na mabati yaliyolowa ni sabuni. Hakuna daraja la thamani ya uti wa mgongo.

Ukiunganisha nyumba, funga milango

Kumbuka tulisema maduka yanakuwa vyumba vya nyumba moja. Hapo ndipo raha, na hapo ndipo hatari.

Kwanza, nyumba moja iwe na baba mmoja. Rauta moja tu igawe anwani. Ukichomeka rauta nyingine duka la pili bila kuzima ugawaji wake, vifaa vitaanza kupokea anwani kutoka pande mbili na nusu ya duka itapotea mtandaoni bila sababu inayoonekana. Pili, usiunganishe sehemu zile zile mbili kwa daraja na kwa kebo tena ukidhani unaongeza nguvu. Taarifa zitazunguka bila kutoka na mtandao wote utaganda.

Tatu, mteja anayeomba Wi-Fi asiingie chumba kimoja na keshia. Rauta na AP nyingi za sasa zina mtandao wa wageni, uwashe. Kompyuta ya stoki, kamera na tili zikae upande wao. Badilisha paswadi iliyokuja na kifaa siku hiyo hiyo, kwa sababu zile za kiwandani zinajulikana na kila mtu mwenye simu. Weka WPA2 au WPA3 kwenye daraja. Na ukifunga kamera za watu, jua kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019: unachorekodi ni maisha ya watu wengine, si stori ya kupiga kwa base.

Ukianza kumuuzia jirani

Hapa ndipo wengi wetu macho hutoka. Ukishavusha duka lako, jirani ataomba. Kisha wa tatu. Ghafla una wateja kumi wa 500 bob kila mmoja na unajiita kampuni.

Tulia. Kuunganisha maduka yako mwenyewe ni jambo moja. Kuuzia umma intaneti ni jambo lingine, na linahitaji leseni ya CA. Mikataba mingi ya faiba ya nyumbani pia inakataza kuuza tena, na kampuni ikikupata inakata laini. Wateja kumi watakuwa mlangoni siku hiyo hiyo.

Lakini mlango haujafungwa. Kule Kibera, vijana wa Tunapanda Institute wamejenga TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa vifaa vya aina hii hii, paa kwa paa. Mwaka 2021 CA ilitoa mfumo wa leseni mahsusi kwa mitandao ya jamii, ili kikundi cha mtaa kisilazimike kuvaa koti la kampuni kubwa. Chama chenu kikiwa kimesajiliwa, hiyo ni barabara halali. Na poa! Internet, iliyoanzia mitaa kama Kibera, imejenga biashara kamili kwa kuvusha mawimbi juu ya mabati yale yale ambayo wengine waliona hayana pesa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha kompyuta za visiwa tofauti kwa redio kupitia ALOHAnet, kwa sababu bahari ilikuwa katikati. Sisi bahari yetu ni Outering.

Kazi iko hapa

Sasa nikuongeleshe wewe usiye na duka. Mimi chuo sikumaliza, na najua wengi mnaosoma hapa mko hivyo ama mko karibu. Hakuna mtu paani amewahi kuomba kuona digrii. Anachouliza ni moja: itafanya kazi saa mbili usiku?

Kwa hivyo fundi mzuri hajulikani siku ya kufunga, anajulikana mwezi wa tatu. Ukimaliza kazi, rudi usiku mtaa ukiwa umejaa, upime kasi na uangalie kama kuna taarifa zinazopotea njiani. Mwachie mteja karatasi moja: anwani za vifaa, chaneli, namba ya mawimbi siku ya kwanza, picha ya kila paa. Paswadi mpe yeye, si wewe tu. Fundi anayeficha paswadi ili aitwe tena hupata simu moja ya ziada na kupoteza mtaa mzima.

Na wewe mwenye duka, ukipata fundi asiyetaka kupanda juu kuangalia kabla ya kutaja bei, mshukuru na utafute mwingine. Kazi yote ya daraja iko kwa ile dakika ya kusimama kando ya tangi na kutazama ng'ambo. Uone paa la pili, uone mwenye hilo paa anakutambua, na usione mchanga wa mjengo katikati. Hivyo vitatu vikikubali, vifaa ndivyo vya mwisho kununua.